Kunasa Si Kupata



Jumapili moja baada ya mafundisho, kijana mmoja wa mtaa wetu wa Wagenia alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alikuwa na neno. "Baba Katekista," alisema, "Jumapili ijayo kuna mchezo wa mpira saa ile ile ya Misa. Nimeiamuru dekoda yangu iunase mchezo, nami nije Misa, halafu nitautazama jioni. Wenzangu wanicheka. Wasema nimempa Mungu mwili, na roho nimeupa mpira. Je, ni dhambi?"

Nilimjibu upesi ya kuwa si dhambi, tena ni akili njema. Akaenda zake amefurahi. Lakini mimi nilirudi nyumbani polepole, huku nasikia mvumo wa maporomoko, wala sikuridhika. Jibu langu halikuwa baya, ila lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili naijua vizuri, kwa maana niliilipia kwa aibu. Naiandika hapa ili imfae kijana yule, na kila nyumba iliyo na chombo hiki.

I. CHOMBO CHENYEWE

Wako wasomaji wanaokijua chombo hiki kuliko mimi, na wako wengine ambao hawajapata kukigusa. Kwa ajili ya hao wa pili nitaeleza kwa kifupi.

Watu walianza kunasa vipindi vya televisheni nyumbani mwao kwa kaseti. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mashine ya Betamax, na mwaka 1976 kampuni ya JVC ikatoa mashine ya VHS, ambayo mwishowe ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Kisha mwaka 1999 zilianza kuuzwa huko Marekani mashine za TiVo na ReplayTV. Hizo hazikuwa na kaseti, bali zilikuwa na diski kama ile ya kompyuta. Tofauti yake ni kubwa. Mashine ya kaseti huandika au husoma, haifanyi yote mawili pamoja. Diski huandika na kusoma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu aweza kukisimamisha kipindi kinachorushwa sasa hivi, akaenda kumfungulia mgeni mlango, akarudi na kuendelea pale pale alipoachia, huku chombo kikiendelea kuandika yanayofuata.

Siku hizi hapa Kisangani si lazima kununua mashine ya pekee. Dekoda nyingi zina tundu la USB. Ukichomeka flashi au diski, ukaweka siku, chaneli na saa, dekoda itanasa kipindi wakati wewe uko kazini, sokoni au usingizini.

Tufanye hesabu kidogo, kwa maana itatufaa mbele. Chaneli ikitumia megabiti 4 kwa sekunde, kipindi cha saa moja huchukua gigabaiti 1.8. Basi flashi ya gigabaiti 16 hujaa kwa saa 8 na kitu. Diski ya gigabaiti 500 huchukua saa zaidi ya 270.

Tena chombo hiki kina mipaka yake. Dekoda nyingi za bei nafuu zina sikio moja tu: zikisikiliza chaneli hii haziwezi kusikiliza ile. Baba akinasa mpira, mama hawezi kutazama habari katika chaneli nyingine, wala binti hapati kipindi chake cha masomo. Halafu kuna jambo la umeme. Umeme wetu watoka kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950, na kila mkaaji wa mji huu anajua jinsi unavyokatika. Umeme ukikosekana saa ya kipindi, dekoda haina macho wala masikio.

II. MGONO NA DEKODA

Lugha yetu ya Kiswahili imetangulia kutufundisha. Twasema kunasa sauti na kunasa picha, na neno lilo hilo twalitumia kwa ndege aliyeshikwa mtegoni. Basi mwenye dekoda ya namna hii ni mtegaji. Na sisi watu wa Wagenia, ni nani atakayetufundisha mambo ya mitego?

Maporomoko ya Boyoma ni saba, na la mwisho ndilo letu, hapa penye mji. Wavuvi husimamisha magogo makubwa katika mashimo ya miamba, huyafunga pamoja kwa kamba za porini, na katika magogo hayo huning'iniza migono, yaani vikapu vikubwa vya kutegea samaki, vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yenyewe humsukuma samaki ndani, na nguvu ya maji yale yale humzuia asitoke. Henry Morton Stanley alipopita hapa mwezi wa Januari 1877, aliwakuta mababu zetu na kazi hii. Toka siku hizo mpaka leo wageni wengi wamekuja kuwapiga picha wavuvi wetu.

Mgono na dekoda vyafanana kwa jambo moja kubwa: vyote viwili hufanya kazi mwenyewe asipokuwapo. Mvuvi amelala, mgono wakesha. Hilo ni jambo jema, wala hakuna mtu aliyewahi kumlaumu mvuvi kwa kuwa hakumkimbiza samaki kwa mikono.

Lakini kuna tofauti, nayo ndiyo iliyoniponza. Wahenga walisema: akiba haiozi. Ni kweli kwa mahindi makavu, si kweli kwa samaki. Mvuvi anajua ya kuwa samaki akikaa mno ndani ya mgono huharibika, au maji humpiga mpaka hafai tena. Kwa hiyo huenda kukagua asubuhi na jioni, hata mvua ikinyesha, hata miamba ikiteleza. Wala hatundiki migono mingi kuliko ile anayoweza kuifikia. Mtego wake humfanya awe mtu wa saa na wa kazi.

Kipindi kilichonaswa hakinuki. Hiyo ndiyo hatari yake. Chaweza kukaa katika diski miezi sita kisitazamwe na mtu, wala hakuna nzi watakaokuja kutusuta. Twafungua orodha, twaona majina mengi, nasi twajisikia matajiri. Turudi sasa kwenye ile hesabu. Mtu aliyejaza diski ya gigabaiti 500, naye hutazama saa moja tu kila jioni, atahitaji siku zaidi ya 270 kuimaliza. Hiyo ni miezi tisa, muda ambao mwanamke hubeba mimba mpaka mtoto azaliwe. Na katika miezi hiyo tisa asinase kitu kingine! Huyo hakuweka akiba ya wakati. Amejiwekea deni, tena deni lisilo na mdai, na deni la namna hiyo halilipwi kamwe.

III. MZEE MMOJA WA JIRANI

Sasa nieleze aibu yangu.

Mwishoni mwa mwaka 2023, mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, alialikwa kuzungumza katika televisheni moja ya mji wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini jioni ile, kama nilivyoambiwa na majirani waliomtazama, alizungumza karibu saa nzima. Alieleza jinsi ya kuchagua mti usiooza upesi majini. Alieleza jinsi mababa walivyogawana mahali pa kutegea, ukoo kwa ukoo. Tena aliomba kamba, akaonyesha kwa mikono yake jinsi ya kufunga magogo ili fundo likazwe na maji badala ya kulegezwa nayo.

Nasema "nilivyoambiwa", ingawa nilikuwa nyumbani. Umeme ulikuwako na televisheni ilikuwa mbele yangu. Lakini nilikuwa na daftari za watoto wa Komunyo ya kwanza, nikasema moyoni: "Dekoda inanasa. Nitamsikiliza mzee vizuri siku nyingine, nikiwa nimetulia." Nikapunguza sauti.

Siku nyingine haikufika. Noeli ilikuja na mazoezi ya nyimbo, kisha mwaka mpya na wageni. Kila nilipofungua orodha niliona kipindi cha mzee, nikafurahi kama mtu aonaye gunia la mchele ghalani mwake.

Tarehe 7 Februari 2024 timu yetu ya taifa ilicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan. Wasomaji wa Kongo hawakusahau siku ile. Mchezo ulianza usiku kwetu, nami nilikuwa na kazi asubuhi na mapema. Nikaamua kuunasa. Flashi ilikuwa imejaa. Nilitazama orodha nikitafuta cha kufuta, na kidole changu kikasimama juu ya kipindi cha mzee. Nikasema: "Mzee yuko jirani. Nikitaka kumsikia nitakwenda kwake." Nikafuta.

Cote d'Ivoire walitufunga bao moja kwa sifuri. Asubuhi, kabla sijawasha televisheni, watu watatu walikuwa wamekwisha kunieleza habari yote njiani. Mchezo ule nilioupatia nafasi sikuutazama hata dakika moja.

Baada ya Pasaka mzee alifariki dunia. Matanga yalipokwisha, binti yake alikuja kwetu na watoto wawili. Alikaa kitini, akasema kwa upole: "Baba Katekista, tumesikia ya kuwa sauti ya baba iko kwako. Tumekuja kuomba wajukuu wake wamsikie."

Wapenzi wasomaji, nilisema uongo. Nilisema: "Mama, pole sana, flashi imeharibika." Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amekaa mlangoni. Yeye ndiye aliyeniona nikifuta. Hakusema neno, alinitazama tu, kisha akatazama chini. Basi nikashindwa. Nikasema: "Mama, nisamehe. Haikuharibika. Mimi mwenyewe nilikifuta kipindi kwa ajili ya mpira."

Yule mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo sikulitazamia. Hakuuliza kwa nini nilifuta. Aliuliza: "Lakini ulimsikiliza? Basi tuambie wewe alisema nini."

Nami sikuwa na la kuwaambia.

Baadaye nilimwendea fundi wa kompyuta. Akaniambia ya kuwa faili iliyofutwa pengine huweza kurudishwa, maadamu halijaandikwa jambo lingine juu yake. Juu ya sauti ya mzee ulikuwa umeandikwa mpira. Na kipindi kile kilirushwa moja kwa moja, hakuna nakala iliyobaki mahali pengine.

IV. KOSA LILIKUWA WAPI?

Nimejiuliza mara nyingi: kosa langu lilikuwa nini hasa? Watu wengi watasema: kufuta. Ni kweli, kufuta kulikuwa kosa. Lakini swali la yule mama lilinionyesha ya kuwa kosa la kwanza lilitangulia miezi mbele. Lilifanyika jioni ile nilipopunguza sauti. Kama ningalimsikiliza mzee, hata baada ya kufuta ningalibaki na kitu cha kuwapa wajukuu wake. Nilikosa kupata kwa sababu nilikuwa nimenasa. Chombo kilinipa ruhusa ya kutokuwapo, nami nilikuwapo.

Jambo hili si geni katika fikira za wanadamu. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake kiitwacho Phaidros, asimulia habari ya mfalme mmoja wa Misri jina lake Thamus. Mungu mmoja wa Wamisri, Theuth, alimletea mfalme huyo maarifa ya kuandika, akisifu ya kuwa yatawaongezea watu kumbukumbu. Mfalme hakukubali. Aliona ya kuwa watu wakitegemea alama zilizo nje, wataacha kukumbuka kwa nguvu iliyo ndani yao, nao watajidhania wenye hekima hali hawana. Sisi tusomao na kuandika hatuwezi kumfuata Thamus katika yote, na Plato mwenyewe aliiandika habari hiyo! Lakini onyo lake lamgusa kila mtu aliyekwisha kusema, "Si neno, imenaswa."

Na Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, achunguza wakati ni nini. Afundisha ya kuwa mambo yaliyopita yamo katika roho kwa kukumbuka, ya sasa kwa kuangalia, na yajayo kwa kutazamia. Angalieni basi dekoda yetu. Haikumbuki, yashika tu. Haiangalii, yapokea tu. Haitazamii, yangoja saa tu. Hayo matatu ni kazi ya roho ya mtu, wala hakuna awezaye kumwachia mtumishi kazi hiyo. Ukimtuma mtu akakule chakula chako, atashiba yeye.

V. JE, TUKITUPE?

Labda wengine watasema: "Basi, Katekista, chombo hiki ni kibaya, tukitupe mtoni." Hapana. Mimi ningali nacho, wala sikusudii kukitupa.

Mfikirini mwuguzi aliye kazini usiku, mlinzi wa duka, mvuvi anayeamka alfajiri. Vipindi havikupangwa kwa saa zao. Kwa nini wao wasipate habari na mafundisho kama wengine? Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalitolewa kwa redio na kwa televisheni. Mtoto ambaye nyumbani kwao kulikuwa na kinasa picha aliweza kulirudia somo la hesabu mara tatu. Hata mwalimu mpole huchoka mara ya tatu, dekoda haichoki.

Na wako wanaouliza: "Je, kunasa kipindi cha watu si wizi?" Swali hili liliwahi kupelekwa mahakamani huko Marekani. Makampuni ya filamu yaliishtaki Sony kwa sababu ya Betamax, na mwezi wa Januari 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, majaji watano kwa wanne, ya kuwa mtu kunasa kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa la sheria. Kati ya waliotoa ushahidi alikuwamo Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri aliyeendesha kipindi cha watoto. Yeye hakulalamika ya kuwa kipindi chake chanaswa. Aliona ni vema wazazi waweze kukitazama pamoja na watoto wao kwa saa inayowafaa. Neno hilo "pamoja" lina uzito. Hiyo ni sheria ya Marekani. Kwetu Kongo sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 huwalinda watungaji, na dhamiri pia ina neno lake. Kunasa ili jamaa yako itazame baada ya kazi ni jambo moja. Kunakili katika flashi mia na kuziuza sokoni ni jambo lingine: hapo wavuna shamba la mtu mwingine, na amri ya saba haikufutwa kwa sababu mali imekuwa ndogo kama kidole.

VI. SHAURI KWA WENYE DEKODA

Basi, ili chombo hiki kitufae kweli, natoa mashauri haya. Mengine nimefundishwa na mafundi, mengine na makosa yangu.

Kwanza, chagueni kabla ya kunasa. Jumamosi jioni jamaa yote ikae na kuulizana: juma hili twataka nini? Kwa kuwa dekoda ina sikio moja, lazima mmoja amwachie mwenzake. Baba asiseme, "Rimoti ni yangu." Masomo ya binti na yapewe nafasi kabla ya mpira wa baba.

Pili, tegeni kwa akili. Anzeni dakika tano kabla ya saa iliyotangazwa, na mmalizie dakika kumi au kumi na tano baada yake, kwa maana vipindi huchelewa. Mwenye uwezo aweke betri ya akiba kwa dekoda, umeme usije ukamnyima alichokitega. Na flashi nyingi za mtindo wa FAT32 hazikubali faili moja ipite gigabaiti 4, kwa hiyo kipindi kirefu hukatwa vipande. Msifute kipande cha pili mkidhani ni takataka.

Tatu, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni daftari dogo karibu na televisheni: jina la kipindi, tarehe, na nani aliyekiomba. Aliyekiomba ndiye atakayeulizwa kabla hakijafutwa. Kama ningalikuwa na daftari hilo, mke wangu angaliandika jina lake mbele ya kipindi cha mzee, kwa maana yeye ndiye aliyekitaka zaidi.

Nne, kagueni mgono. Kila nyumba iweke siku yake na saa yake ya kutazama kilichonaswa, tena pamoja. Kipindi ambacho hakijatazamwa kwa majuma mawili, hakuna atakayekitazama. Kifuteni bila majuto, kama mvuvi anavyomrudisha mtoni samaki asiyefaa.

Tano, tengeni yasiyofutika. Michezo na habari za jana ni samaki wa leo. Lakini sauti ya mzee, arusi ya dada, kijana wa parokia akipewa upadre, hayo ni mbegu. Yasikae katika flashi ile ile ya mpira. Tena jueni ya kuwa dekoda nyingi hufunga vipindi walivyonasa watu kwa namna ambayo vyaweza kufunguliwa na dekoda hiyo hiyo tu; ikifa, vyafa nayo. Kwa hiyo, mambo ya jamaa yenu yanaseni kwa simu au kamera, wekeni nakala mbili katika nyumba mbili.

Sita, pasipo shida msitume chombo mahali ambapo mwatakiwa wenyewe. Mwaka 1957, katika waraka wake uitwao Miranda Prorsus, Papa Pius XII aliwakumbusha wakristu ya kuwa kuitazama Misa katika televisheni si sawa na kuwapo kwenye Misa yenyewe. Basi Misa iliyonaswa na kutazamwa Jumanne je? Ni faraja kubwa kwa mgonjwa. Papa yule yule alimweka Mtakatifu Klara wa Assisi awe msimamizi wa televisheni, kwa sababu alipokuwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli alijaliwa kuona na kusikia ibada iliyofanyika mbali naye. Lakini Klara hakuweza kutembea. Mwenye miguu na aende. Na neno hili lahusu pia kilio cha jirani, na mtoto ajaye kukuonyesha daftari lake la shule. Hayo hayana marudio.

Narudi kwa kijana wetu. Jibu langu la kwanza lasimama: si dhambi kunasa mpira ili kuja Misa. Nusu ya pili ni hii: ukija Misa, uje kweli. Ukikaa kanisani huku wawaza kama dekoda imewaka, na jioni ukitazama mpira huku wawaza kazi ya kesho, umetega mara mbili wala hukupata hata mara moja. Nawe mwenyewe ndiwe uliyenaswa.

Nami? Mzee alikuwa na mdogo wake, aliye hai, akaaye ng'ambo ya Lubunga. Nilivuka kwa mtumbwi pamoja na wale wajukuu wawili, tukamwomba atufundishe fundo. Simu niliiweka juu ya jiwe, inase. Lakini safari hii sikuitazama simu. Nilishika kamba. Wajukuu walilijua fundo siku ile ile. Mimi nimekwisha kwenda mara tatu, na mikono yangu ya chaki bado inakosea zamu ya mwisho. Mzee hucheka, hulifungua, na kuniambia: "Anza tena, Katekista."